Hofu Isiyo Mahali Pake

Kwa muda sasa yamekuwa yakitufikia maswali ya akina mama, mengine kwa barua na mengine kwa mdomo, juu ya dawa za homoni wanazopewa wanawake waliokatikiwa na hedhi. Swali lenyewe ni moja, ijapokuwa laja kwa sura mbalimbali: je, ni kweli kwamba dawa hizo huleta saratani ya ngozi? Mmoja ameambiwa hivyo na jirani, mwingine na muuza dawa, wa tatu ameipata habari katika simu yake, imepita mikono mingi wala haisemi ilikotoka. Wako walioziacha dawa walizokwisha kuzianza. Wako pia ambao hawakuthubutu kuzianza, na usiku hawalali.

Gazeti hili si hospitali, wala sisi hatuandiki vyeti vya dawa. Lakini jambo linapogusa afya ya mama zetu na dada zetu wote waliopita umri wa miaka 45, tena likawa linaendeshwa kwa uvumi, hapana budi lisemwe hadharani. Rai yetu twaitoa mapema ili msomaji asitaabike kuitafuta: hofu hii haiko mahali pake. Saratani ya ngozi ipo nchini mwetu, tena inaua; lakini mlango wake mkuu si kidonge cha homoni. Na muda wote ambao macho yameelekezwa kwenye kidonge, milango iliyo wazi haitazamwi na mtu.

Tuanze na hali yenyewe. Kati ya miaka 45 na 55, aghalabu, vifuko vya mayai vya mwanamke hupunguza na hatimaye huacha kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Hedhi hukoma. Wengine huvuka salama bila ya kusumbuka; wengine hupandwa na joto la ghafla kifuani na usoni, wakatota jasho usiku wa manane, moyo ukaenda mbio, usingizi ukapotea, na tendo la ndoa likawa ni maumivu matupu. Mifupa nayo huanza kupoteza uimara wake. Hayo si uchawi, wala si ishara ya kwamba mama amekuwa na hasira za bure. Lakini katika nyumba zetu nyingi hayasemwi. Mume hajui, mtoto hajui, na mama mwenyewe huona haya kumweleza mganga kijana aliye sawa na mwanawe. Haya hiyo hatuioni asili yake, kwa maana hata vitabu vya fiqhi vimemtaja waziwazi mwanamke aliyekatikiwa na hedhi na kumwekea hukumu ya eda yake, wala hawakuona aibu wanavyuoni waliovisomesha.

Wakati nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961, matumaini ya kuishi ya Mtanzania hayakufika miaka 50. Akina mama wengi hawakuishi muda mrefu baada ya hedhi kukoma, na jambo hili halikuhesabiwa kuwa ni tatizo la taifa. Leo mambo yamebadilika. Mama wa miaka 50 yuko sokoni tangu alfajiri, au darasani, au ofisini, au shambani, na nyumbani analea wajukuu. Tena mbele yake ana miaka mingi ya kuishi. Utafiti uliowafuatia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na matokeo yake kutolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa wale wanaosumbuliwa mara kwa mara na joto na jasho hali hiyo hudumu, kwa kadiri ya kati, zaidi ya miaka 7. Na kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika ilidumu zaidi ya miaka 10. Miaka kumi bila ya usingizi wa kutosha! Mtu anayemwambia mama huyo avumilie tu, na ajaribu yeye kwanza kukesha wiki moja.

Dawa ya kutuliza hali hiyo ipo, nayo ni kumrudishia mwanamke sehemu ya homoni aliyoipoteza. Ina historia ndefu, na historia hiyo yafaa kujulikana kwa kuwa ndiyo iliyozaa hofu tunayoizungumza. Mwaka 1942 Marekani iliruhusu kuuzwa kwa Premarin, kidonge cha estrojeni inayotolewa katika mkojo wa farasi majike wenye mimba. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu alichokiita Feminine Forever, akidai ndani yake kwamba mwanamke aliyekatikiwa na hedhi ni kiumbe aliyepungua, na kwamba kidonge kitamdumisha katika ujana. Kitabu kilinunuliwa kwa fujo, na kidonge nacho kikanunuliwa kwa fujo. Miaka mingi baadaye mwanawe mwenyewe alieleza kwamba kampuni ya Wyeth, iliyokuwa ikikiuza kidonge hicho, ndiyo iliyogharimia kazi ya kuandika kitabu. Hapo hatuna haja ya kuongeza neno.

Malipo yake yalikuja mwaka 1975, pale tafiti mbili zilipothibitisha kwamba wanawake waliokuwa wakitumia estrojeni peke yake walipatwa na saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba mara kadhaa zaidi ya wasioitumia. Waganga wakagundua kwamba ikiongezwa homoni ya pili, projestini, ukuta huo hulindika. Tangu hapo ikawa ni kanuni: mwanamke mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake. Kanuni hii msomaji aishike, tutairudia.

Kisha ukaja utafiti mkubwa uliogharimiwa na serikali ya Marekani. Wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 waligawanywa kwa kura, nusu wapewe homoni mbili kwa pamoja na nusu wapewe kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mwezi Julai 2002 utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Ilionekana kwamba kwa kila wanawake 10,000 wanaotumia dawa kwa mwaka mmoja, waliopatwa na saratani ya matiti walizidi kwa 8, wenye kiharusi kwa 8, wenye maradhi ya moyo kwa 7, na walioganda damu mapafuni kwa 8. Ilhali waliovunjika nyonga walipungua kwa 5, na wenye saratani ya utumbo mpana walipungua kwa 6. Hesabu hizo si za kudharauliwa, lakini pia si za kumfanya mtu azimie. Magazeti ya dunia hayakuziandika hivyo. Yaliandika kwamba saratani ya matiti imeongezeka kwa asilimia 26, na asilimia 26 ikisimama peke yake barabarani hutisha kuliko watu 8 katika 10,000. Mamilioni ya wanawake waliacha dawa mara moja. Wachache walielezwa kwamba wastani wa umri wa walioshiriki ulikuwa miaka 63, yaani wengi wao walikwisha kuivuka hali hiyo zamani, na kwamba mwanamke anayeanza dawa akiwa chini ya miaka 60, au kabla ya kutimia miaka 10 tangu hedhi ikome, hali yake ni nyingine. Mwezi Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba onyo kali juu ya moyo, matiti na kupoteza kumbukumbu litaondolewa katika pakiti za dawa hizi. Onyo la saratani ya mji wa mimba kwa estrojeni inayotumiwa peke yake likaachwa mahali pake.

Sasa tuje kwenye ngozi.

Kushuku kwamba homoni na ngozi zina uhusiano si upumbavu. Kila mkunga anajua kwamba mama mjamzito huweza kutokwa na mabaka meusi usoni, na kwamba baadhi ya watumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango hupata mabaka hayo hayo, nayo hukolea juani. Wataalamu wameona kwamba zile chembechembe za mwili zinazotengeneza rangi ya ngozi zina mahali pa kuipokea estrojeni. Ndizo hizo hizo ambazo zikiharibika huzaa melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali kuliko zote. Kwa hiyo swali lilikuwa halali kuulizwa, na liliulizwa.

Nchini Norway walichunguza kumbukumbu za wanawake zaidi ya 680,000 wenye umri kati ya miaka 45 na 79, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Waliotumia estrojeni peke yake walionekana kupatwa na melanoma zaidi ya wasiotumia, kwa kiasi cha asilimia 45 hivi. Waliotumia homoni mbili pamoja hawakuonekana kuwa na ongezeko lolote. Huko Denmark, mwaka 2012, wataalamu walikwisha kuandika kwamba aina nyepesi ya saratani ya ngozi, ile isiyosambaa mwilini kwa urahisi, iliongezeka kidogo kwa watumiaji wa homoni. Habari za namna hii ndizo zilizosafiri hadi kwetu, zikiwa zimevuliwa maelezo yake njiani.

Lakini iko habari nyingine ambayo haikusafiri. Katika ule utafiti wa kura wa Marekani, pamoja na mwenzake uliowahusu wanawake waliokwisha kuondolewa mji wa mimba, jumla yao walikuwa wanawake 27,347. Mwaka 2011 ilitolewa hesabu ya saratani za ngozi miongoni mwao. Waliopewa homoni na waliopewa kidonge kitupu walilingana. Melanoma haikuzidi, wala zile saratani nyingine za ngozi hazikuzidi.

Msomaji atauliza: tumwamini nani? Hapa panahitaji kutulia kidogo. Katika Norway na Denmark hakuna aliyewapangia wanawake nani ameze na nani asimeze; walichagua wenyewe. Na mwanamke wa Ulaya anayekwenda kwa daktari wake kuomba homoni, mara nyingi ni yule yule mwenye uwezo wa kwenda pwani za kusini kila mwaka kulala juani nusu uchi ili ngozi yake igeuke rangi. Ni yule yule pia anayechunguzwa mwili mara kwa mara, na anayechunguzwa sana huonekana ugonjwa wake mapema kuliko asiyechunguzwa. Je, saratani hiyo imeletwa na kidonge, au imeletwa na jua la mapumziko, au imefichuliwa na daktari? Kumbukumbu za dawa peke yake haziwezi kulijibu swali hilo kikamilifu. Kura huweza, kwa sababu kura haimjui anayelala juani na asiyelala. Huwachanganya wote pande mbili sawasawa. Ndiyo maana sisi twauweka mbele ushahidi wa kura, bila ya kuutupa ule wa Norway. Uliobaki wa Norway unatufundisha jambo moja linaloafikiana na lile la mwaka 1975: estrojeni peke yake isichezewe.

Tena tusisahau kwamba Norway ni Norway. Watu wake ni miongoni mwa wanaopatwa na melanoma kwa wingi kabisa duniani, kwa sababu ya weupe wa ngozi zao. Huko Marekani, ambako weusi na weupe wanahesabiwa pamoja, melanoma kwa weupe huzidi ile ya weusi kwa zaidi ya mara 20. Asilimia 45 ya kitu kikubwa ni kikubwa, na asilimia 45 ya kitu kidogo sana ni kidogo sana. Mama mweusi wa Korogwe au wa Tukuyu anayeacha dawa iliyompa usingizi kwa kuogopa melanoma ya Norway, amekimbia kivuli cha mtu mwingine.

Hata hivyo, asije mtu akafahamu kwamba twasema mweusi hapati saratani ya ngozi. La hasha. Anaipata, ila huipata mahali pengine na kwa njia nyingine, na hapo ndipo penye msiba wetu.

Iko kwanza ile inayoota katika kidonda. Jeraha la moto lililopona vibaya, au donda ndugu lililokaa mguuni miaka kumi au ishirini, likifungwa kitambaa na kufunguliwa, huweza siku moja kugeuka saratani. Jambo hili limejulikana kwa waganga kwa karibu miaka 200. Na ni nani anayeungua moto katika nyumba zetu ikiwa si yule anayepika kwenye mafiga matatu huku kanga yake ikipepea, tena tangu utotoni? Mama mwenye donda ndugu ambalo kingo zake zimeanza kuinuka, kunuka au kutoa damu, hana haja ya kuuliza habari za homoni. Ana haja ya kukatwa kipande kidogo cha kidonda hicho kipelekwe kupimwa, na apelekwe upesi.

Iko ya pili, nayo ni melanoma yenyewe, ambayo kwa mtu mweusi huota aghalabu mahali jua lisipofika: chini ya wayo, kiganjani, chini ya ukucha. Ulimwengu mzima ulimlilia mwanamuziki wa Jamaica, Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ugonjwa wake ulianza chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kwetu doa jeusi la wayo huitwa mwiba, au huitwa alama ya kuzaliwa, au haliitwi lolote kwa kuwa hakuna anayeutazama wayo wa mama aliyetoka kupalilia.

Iko ya tatu, nayo twaisema kwa uchungu kwa sababu ni ya kujitakia na kuuziwa kwa pamoja. Mkorogo. Madaktari wa Senegal wamekwisha kuandika habari za wanawake waliopaka dawa za kujichubua kwa miaka mingi na hatimaye wakaota saratani sehemu za mwili zilizochubuliwa zikapigwa na jua. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu, na bado walanguzi wanazipitisha na kuziuza. Wako akina mama, na tunawajua, wanaokataa kidonge cha homoni walichoandikiwa na daktari kwa kuogopa saratani ya ngozi, na asubuhi hiyo hiyo hupaka usoni kitu kilichochanganywa nyuma ya duka na mtu asiyejua hata kusoma kibandiko. Rangi aliyoumbwa nayo mtu mweusi ni ngao yake. Anayeivua kwa fedha yake mwenyewe aelewe kwamba ameivua ngao jua likiwa utosini.

Na wako wale waliozaliwa bila ya ngao hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu wenye ualbino 16,477 katika Tanzania, nusu yao ama karibu na nusu wakiwa ni wanawake kama ilivyo kwa watu wote. Madaktari wa Dar es Salaam waliowachunguza 350 miongoni mwao waliandika mwaka 1985 kwamba jua huanza kuiharibu ngozi yao tangu utotoni, na kwamba saratani huwafika wengi wangali vijana. Katika miaka ya nyuma taifa lilitikiswa, na kwa haki, na mauaji ya ndugu zetu hawa yaliyofanywa na washirikina. Lakini saratani inayowaua polepole, mmoja Ukerewe, mmoja Shinyanga, mmoja Tanga, haijatutikisa kwa kiasi hicho. Haina panga, haina kesi, wala haiandikwi ukurasa wa kwanza.

Katika mazungumzo yote haya ya homoni na ngozi, mwanamke mwenye ualbino aliyefikia kukoma kwa hedhi ndiye ambaye swali ni lake kweli kweli. Tafiti tulizozitaja hazikumhusu yeye. Hatutaki aambiwe upesi upesi kwamba dawa ni haramu kwake, maana joto na jasho humsumbua kama humsumbua mwingine. Wala hatutaki apewe bila ya kutazamwa. Twataka daktari amkague ngozi yake yote kwanza, aondoe kila doa la kushukiwa, ndipo wazungumze juu ya homoni, na kama itatolewa basi arudi kukaguliwa kwa tarehe inayojulikana. Na juu ya yote hayo awe na kofia pana, nguo ya mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua yasiyokatika.

Mafuta hayo si ndoto. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, yametengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na yamewafikia maelfu. Jirani zetu wa Kenya walianza zaidi ya miaka kumi iliyopita kutenga fedha za serikali kununulia mafuta ya namna hiyo. Kwa hiyo anayesema haiwezekani atuambie kwanza kilichoshindikana ni kitu gani.

Kuna dawa moja ambayo ingestahili kuulizwa maswali ambayo homoni inaulizwa, na haiulizwi. Nayo ni haidroklorothiazaidi, kidonge cha presha, rahisi na chenye manufaa makubwa, kinachotolewa katika hospitali na vituo vya afya kila siku, na wanaokipata wengi ni akina mama wa umri huu huu. Mwaka 2018 wataalamu wa Denmark walionyesha kwamba waliokwisha kumeza jumla ya miligramu 50,000 au zaidi, yaani kidonge cha miligramu 25 kila siku kwa zaidi ya miaka mitano, walipatwa na aina ya saratani ya ngozi inayoitwa skwamasi karibu mara nne ya wasiokitumia. Kidonge hicho huifanya ngozi iwe nyepesi kuumizwa na jua. Kwa ngozi nyeusi ushahidi huo hauwezi kuhamishwa hivi hivi, na presha isiyotibiwa inaua kwa kiharusi. Kwa hiyo mtu yeyote asitupe dawa zake kwa kusoma gazeti. Lakini mwanamke mwenye ualbino, ambaye saratani inayomwandama ni hiyo hiyo ya skwamasi, ana haki ya kumwuliza mganga wake kama iko dawa nyingine ya presha inayomfaa. Dawa nyingine zipo. Si gharama kubwa kumbadilishia.

Tukisema hayo tusionekane kwamba tumefungua mlango wa homoni kuuzwa kama karanga. Twajua yanayofanyika katika baadhi ya maduka ya dawa. Mama hueleza habari zake za joto na jasho mbele ya wateja wengine, kisha huuziwa vidonge vya uzazi wa mpango ambavyo nguvu yake ni kubwa kuliko inayohitajika, au huuziwa estrojeni peke yake ilhali ana mji wa mimba, jambo ambalo waganga walilikomesha tangu miaka ya sabini. Hapimwi presha. Haulizwi kama amewahi kuganda damu mguuni, kama ana uvimbe katika ziwa, kama ametokwa na damu baada ya hedhi kukoma, kama ini lake ni zima. Na muuzaji huyo huyo ndiye anayemwambia jirani yake kwamba homoni zina saratani ya ngozi, pengine kwa sababu siku hiyo zimemwishia. Wakaguzi wa dawa na watembee kwenye maduka hayo, nao wasitembee kwa taarifa.

Waganga wetu nao twawaomba jambo dogo. Anapokuja mama wa miaka 48 akasema halali usiku, asipewe dawa ya malaria na dawa ya kutuliza akarudishwa nyumbani. Aulizwe hedhi yake. Aelezwe manufaa na madhara kwa hesabu za watu, nane katika elfu kumi, wala si kwa asilimia za kutisha. Akiwa na mji wa mimba apewe homoni mbili, kwa kiasi kidogo kinachotosha, na tarehe ya kurudi. Na akiwa bado amekaa pale, avue viatu, watazamwe nyayo zake zote mbili na kucha zake. Aulizwe kama ana kidonda cha zamani, kifunguliwe kitazamwe. Aulizwe anapaka nini usoni, bila ya kufokewa. Kazi hiyo haizidi dakika kumi wala haihitaji mashine.

Na halmashauri zetu, ambazo kila mwaka huketi kupanga fedha za dawa, twazitaka zitaje kwa jina, katika kifungu chake, mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya wenye ualbino waliomo katika eneo lao. Wanahesabika. Watendaji wa vijiji wanawajua majumbani mwao. Masika yakiisha jua la kiangazi halitangoji kikao kingine.